Hesabu Ambayo Mwekezaji Mpya wa Nyumba za Kupangisha Huiruka

Anayenunua nyumba ya kwanza ya kupangisha kwa kawaida huanza na hesabu fupi: huchukua pango la mwezi, hulizidisha kwa 12, hulinganisha jumla hiyo na bei ya nyumba, kisha hujiuliza kama benki ingempa riba inayozidi hapo kwa fedha hizohizo. Hesabu hiyo haina kosa, ila inajibu swali dogo. Mara nyingi kinachomwangusha mwenye nyumba mpya ni kuishiwa fedha taslimu katika mwezi ambao mpangaji ameondoka, paa limeanza kuvuja na marejesho ya mkopo yamefika tarehe yake, hata kama nyumba yenyewe ilikuwa na faida nzuri kwenye karatasi. Nyumba hiyohiyo ikiwa mikononi mwa mtu mwenye akiba ingevuka mwezi huo na kuendelea kuzaa kwa miaka mingi. Ndiyo maana maamuzi yanayoonekana kuwa mbalimbali, yaani ukubwa wa mkopo, mahali pa kununua, mpangaji wa kumkubali na mtu wa kuisimamia nyumba, yanazunguka jambo moja: ni miezi mingapi mibaya ambayo mnunuzi anaweza kuibeba bila kulazimika kuuza.

Kutoka kwenye pango hadi kwenye fedha inayobaki

Tuchukue nyumba inayouzwa 1,000,000, kwa sarafu yoyote ile, na inayopangishwa 8,000 kwa mwezi. Pango la mwaka mzima ni 96,000, yaani asilimia 9.6 ya bei, na hapo ndipo maelezo ya muuzaji huishia. Lakini hakuna nyumba inayokaa na mpangaji siku zote. Tukikadiria kuwa itakuwa tupu kwa mwezi mmoja katika kila mwaka, yanabaki 88,000. Msimamizi anayekusanya pango na kupokea simu za wapangaji akilipwa asilimia 10 ya makusanyo, yanabaki 79,200. Matengenezo yakitengewa asilimia 1 ya bei ya nyumba kwa mwaka, kipimo cha kukadiria ambacho wawekezaji wengi hukitumia na ambacho kwa nyumba kuukuu ni kidogo mno, yanaondoka 10,000 mengine. Bima na kodi ya majengo, tuseme 9,200 kwa pamoja, zinatuacha na 60,000. Ile asilimia 9.6 imekwisha kuwa 6, na hatujagusa mkopo.

Haijaguswa pia gharama ya kununua. Ushuru wa stempu, ada ya wakili, ada ya usajili, malipo ya mkaguzi wa jengo na ya mthamini hutofautiana sana kati ya nchi na nchi, lakini hakuna mahali ambapo ni sifuri. Zikifika asilimia 5 tu, fedha iliyowekwa ni 1,050,000, na yale mapato ya 60,000 yanakuwa asilimia 5.7.

Sasa tuingize mkopo wa 700,000 kwa riba ya asilimia 7, unaolipwa kwa miaka 20. Marejesho yake ni takriban 5,427 kila mwezi, au 65,125 kwa mwaka. Nyumba inaleta 60,000. Kwa hiyo nyumba ambayo muuzaji aliitangaza kuwa inazaa karibu asilimia 10 inamdai mwenyewe zaidi ya 5,100 kila mwaka, na fedha hiyo lazima itoke kwenye mshahara au kwenye biashara yake nyingine.

Hapa ndipo mambo yanapochanganya, na panastahili kusomwa polepole. Kati ya yale 65,125 yanayolipwa katika mwaka wa kwanza, takriban 16,650 yanapunguza deni lenyewe, na yaliyobaki ni riba. Mwenye nyumba amepungukiwa na 5,100 mfukoni, lakini deni lake limeshuka kwa 16,650, kwa hiyo mali yake imeongezeka kwa zaidi ya 11,000 hata kama bei ya nyumba haikusogea. Mhasibu atasema kuna faida, na atakuwa amesema kweli. Mwenye nyumba atasema hana fedha, naye atakuwa amesema kweli. Nyumba inaweza kumtajirisha mtu na kumfilisi kwa wakati mmoja, kwa sababu utajiri umefungwa ndani ya kuta na benki haipokei kuta kama marejesho ya mwezi. Anayeelewa tofauti hii kabla ya kutia saini ameelewa sehemu kubwa ya biashara hii.

Kodi ya mapato inaizidisha tofauti hiyo. Katika nchi nyingi, riba ya mkopo huhesabiwa kuwa gharama ya biashara, lakini sehemu inayopunguza deni haihesabiwi. Mtu wa mfano wetu anaweza basi kutozwa kodi kwa faida ya 11,500 ambayo hakuiona kwa macho. Sheria zinatofautiana kiasi kwamba kuiga hesabu ya mtu wa nchi nyingine ni hatari. Marekani inamruhusu mwenye nyumba ya makazi kupunguza thamani ya jengo kama uchakavu kwa miaka 27.5, jambo linaloweza kufuta faida yote ya kikodi katika miaka ya mwanzo, ingawa sehemu ya nafuu hiyo huweza kudaiwa nyumba inapouzwa. Kenya inawatoza wenye nyumba za makazi ambao mapato yao ya pango yamo ndani ya kiwango kilichowekwa na sheria asilimia 7.5 ya pango lote bila kutoa gharama, kiwango kilichoanza Januari 2024 baada ya kushushwa kutoka asilimia 10; chini ya utaratibu kama huo, mwenye mkopo mkubwa hulipa sawasawa na asiye na deni. Uingereza nayo, kati ya 2017 na 2020, iliondoa hatua kwa hatua haki ya watu binafsi kutoa riba ya mkopo kwenye mapato ya pango na kuweka badala yake nafuu ya kodi inayohesabiwa kwa kiwango cha msingi tu, na waliokuwa wamekopa sana waliona hesabu zao zikigeuka wakiwa tayari ndani ya nyumba walizonunua kwa kanuni za zamani.

Mkopo mrefu au mkopo mfupi

Ushauri unaotolewa kwa urahisi ni kwamba mkopo mfupi ni bora kwa kuwa riba yake kwa jumla ni ndogo. Kwa mfano wetu hilo ni kweli: kwa miaka 20 riba yote ni takriban 602,500, ilhali kwa miaka 30, kwa kiwango kilekile cha asilimia 7, inafika karibu 976,500. Tofauti ni kubwa na inatisha. Lakini mkopo wa miaka 30 unadai takriban 55,900 tu kwa mwaka, kwa hiyo nyumba ileile iliyokuwa ikimnyonya mwenyewe sasa inamwachia kama 4,100.

Kwa mwekezaji anayeanza, mimi ningechagua muda mrefu, kwa sharti kwamba mkataba unaruhusu kulipa zaidi ya kiwango bila faini. Sababu yake ni nyepesi. Mwenye mkopo mrefu anaweza, katika mwaka mzuri, kulipa kama mtu mwenye mkopo mfupi na kuikwepa sehemu kubwa ya ile riba ya ziada. Mwenye mkopo mfupi hawezi, katika mwaka mbaya, kuamua kulipa kama mtu mwenye mkopo mrefu. Wa kwanza amenunua hiari, wa pili ameiuza. Hata hivyo, pale ambapo benki hutoza faini kubwa kwa malipo ya mapema, au hupandisha riba kwa mikopo mirefu, hoja hii hudhoofika na hesabu ifanywe upya kwa takwimu za benki husika.

Aina ya riba ni uamuzi mwingine. Riba isiyobadilika huwa juu kidogo mwanzoni, na riba inayoelea, yaani inayopanda na kushuka pamoja na soko, huvutia kwa sababu inaanzia chini. Katika mfano wetu wa miaka 20, riba ikipanda kutoka asilimia 7 hadi 9 tangu mwanzo wa mkopo, marejesho ya mwaka hufika takriban 75,600, na upungufu wa 5,100 unakuwa zaidi ya 15,500. Pango haliwezi kupandishwa kwa kasi hiyo, kwa sababu mpangaji halipi kwa kuangalia riba ya mwenye nyumba. Analipa kwa kuangalia nyumba nyingine zilizo jirani. Anayechukua riba inayoelea afanye hesabu yake kwa kiwango kilichozidi cha leo kwa pointi 2 au 3 za asilimia, na kama hesabu haisimami, aongeze fedha zake mwenyewe au atafute nyumba nyingine.

Hatari kubwa kuliko hiyo ni kukopa kwa sarafu isiyo ile ambayo wapangaji wanalipa. Kwa miaka kadhaa familia nyingi za Polandi zilichukua mikopo ya nyumba kwa faranga za Uswisi kwa sababu riba yake ilikuwa ndogo. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha ghafla kuizuia faranga isipande dhidi ya yuro, faranga ikaruka siku hiyohiyo, na madeni ya watu wanaolipwa kwa zloti, sarafu ya Polandi, yakavimba bila wao kukopa chochote zaidi. Riba nafuu ya sarafu ya kigeni mara nyingi ni malipo ya kubeba hatari ya namna hiyo.

Mkopo pia hukuza hasara ya bei. Mnunuzi wetu aliweka 350,000 za kwake, na 700,000 za benki. Bei ikishuka kwa asilimia 20, nyumba ni 800,000, deni ni karibu 700,000, na kati ya fedha zake mwenyewe zimebaki takriban 100,000: zaidi ya theluthi mbili imeyeyuka kwa mshuko wa moja ya tano. Huu si mfano wa kutisha watoto. Nchini Marekani bei za nyumba kwa wastani wa taifa zilishuka kwa zaidi ya robo kati ya 2006 na 2012. Lakini hasara hiyo ilikuwa ya kweli hasa kwa aliyelazimika kuuza. Aliyeendelea kupata pango na kulipa marejesho alibaki na nyumba yake, na bei zilirudi baadaye. Hapo tena kilichoamua ni fedha za mwezi, wala si thamani ya mwaka.

Akiba inatangulia nyumba

Akiba ni jambo ambalo kila mtu hulikubali kwa mdomo na wachache huliwekea tarakimu. Njia moja ya kulipima ni kujumlisha kila kinachodaiwa hata kama nyumba ni tupu. Katika mfano wa miaka 20, marejesho ni 5,427 kwa mwezi, na bima pamoja na kodi ya majengo ni kama 767. Jumla ni karibu 6,200. Miezi sita ya namna hiyo ni takriban 37,000. Juu yake iongezwe gharama ya tengenezo moja kubwa ambalo nyumba hiyo inaweza kulidai bila kutoa notisi, kama vile paa, mfumo wa maji taka au nyaya za umeme, kwa makadirio ya fundi aliyeiona nyumba.

Kiasi hicho kiwepo siku ya kununua. Kusema kwamba kitakusanywa kutokana na pango la miezi ya mwanzo ni kujidanganya, kwa kuwa miezi ya mwanzo ndiyo yenye matumizi mengi: nyumba inapakwa rangi, kasoro ambazo muuzaji alizifunika zinajitokeza, na mpangaji wa kwanza bado anatafutwa. Matokeo yake ni kwamba nyumba ambayo mtu anaimudu ni ndogo kuliko ile ambayo benki iko tayari kumkopesha. Benki hupima kama italipwa, na ina rehani ya kuishika ikiwa haikulipwa. Haimpimii mkopaji kama atalala usingizi.

Bima husaidia, ila lazima iwe ya aina yake. Bima ya mtu anayeishi kwenye nyumba yake mara nyingi haifanyi kazi nyumba inapopangishwa bila kampuni kuarifiwa, na bima ya mwenye nyumba ya kupangisha inaweza kuongezewa fidia ya pango linalopotea nyumba isipokalika baada ya moto au mafuriko. Kiasi ambacho mwenye bima hujilipia mwenyewe kabla ya kampuni kulipa nacho kiingie kwenye hesabu ya akiba.

Nyumba gani, na mahali gani

Kabla ya kuangalia vyumba, angalia umiliki. Pale ambapo ardhi husajiliwa kwa mfumo alioanzisha Robert Torrens huko Australia Kusini mwaka 1858, na ambao umeenea katika nchi nyingi, kinachothibitisha mmiliki ni daftari la msajili. Hati iliyo mikononi mwa muuzaji ni nakala tu, nayo inaweza kuwa ya kughushi au iliyopitwa na wakati. Upekuzi wa daftari hilo hufichua rehani, zuio la mahakama na haki za watu wengine juu ya kiwanja. Ni kazi ya gharama ndogo, na dalali anayehimiza malipo yafanyike kabla haijakamilika amekwisha kujibu swali la kama aaminiwe.

Ukaguzi wa jengo unafuata, na ufanywe na mtu ambaye hatapata kitu mauzo yakifanikiwa. Fundi wa muuzaji hafai, na wa dalali pia hafai.

Swali gumu zaidi ni mahali. Anayeanza huvutwa na nyumba za bei ndogo ambazo pango lake, likilinganishwa na bei, ni kubwa sana. Kwa kawaida asilimia hiyo kubwa ina sababu yake: wanunuzi wengine wamekwisha kuona kwamba wapangaji wa hapo huhama mara kwa mara, malipo hukatika, au bei za nyumba hazipandi. Kuna pia sababu isiyozungumzwa sana. Gharama za matengenezo hazifuati pango. Bomba lililopasuka, pampu iliyoungua na siku moja ya kazi ya fundi vina bei inayokaribiana, nyumba ikiwa ya pango la 3,000 au la 12,000. Kwenye nyumba ya kwanza tengenezo moja linaweza kumeza miezi miwili ya pango, na kwenye ya pili ni wiki mbili tu. Asilimia iliyo kwenye tangazo haionyeshi jambo hilo kabisa.

Upande wa pili kuna maeneo ya kifahari ambako pango ni dogo likilinganishwa na bei, na mnunuzi huambiwa kwamba faida itatokana na kupanda kwa thamani. Inawezekana ikawa hivyo. Lakini anayenunua kwa tumaini hilo anatoa fedha kila mwezi kwa ajili ya faida ambayo haina tarehe, na tumefika tena kwenye miezi mingapi anaweza kuibeba. Mtu mwenye mshahara mkubwa na thabiti anaweza kucheza mchezo huo. Mwenye mapato yanayopanda na kushuka asijaribu.

Kati ya hayo mawili, jambo la kuchunguza ni nani atakayepanga na kwa nini anaishi hapo. Mtaa unaotegemea mwajiri mmoja, iwe ni mgodi, kiwanda au chuo, unaweza kuwa na pango zuri kwa miaka mingi na kuwa mtupu ndani ya mwaka mmoja mwajiri huyo akifunga milango. Mtaa wenye waajiri mchanganyiko, usafiri wa uhakika na shule huleta pango la wastani, lakini nyumba haikai tupu muda mrefu. Kwa fleti, isomwe pia mihtasari ya mikutano ya umoja wa wamiliki na hesabu za mfuko wake wa matengenezo. Mfuko ukiwa mtupu na lifti ikiwa imezeeka, mchango wa dharura unakuja, na mwenye fleti hana kura ya kuukataa peke yake.

Mpangaji

Pango la juu kabisa ambalo soko linaweza kulipa si lazima liwe pango bora. Mwenye nyumba wa mfano wetu akishikilia 8,400 badala ya 8,000, anaongeza 400 kwa mwezi. Nyumba ikikaa tupu mwezi mmoja zaidi kwa sababu ya msimamo huo, amepoteza 8,000, na itamchukua miezi 20 ya nyongeza ile kurudisha alichopoteza. Mpangaji mzuri anayekaribia mwisho wa mkataba apimwe kwa hesabu hiyohiyo: kumpandishia sana hadi ahame ni kununua mwezi mtupu, kupaka rangi, kulipa dalali na kuanza tena na mtu asiyejulikana.

Uchaguzi wa mpangaji unahitaji vigezo vilivyoandikwa kabla mtu yeyote hajagonga mlango. Kipimo kinachotumiwa mara nyingi ni kwamba pango lisizidi theluthi moja ya mapato ya mpangaji, na mapato hayo yaonekane kwenye hati za malipo au taarifa za benki. Taarifa za mwenye nyumba aliyempangisha zinafaa, ila yule wa sasa ana sababu ya kumsifu mpangaji anayemchosha ili aondoke. Yule wa kabla yake hana sababu hiyo, na ndiye wa kuulizwa. Vigezo hivyo vitumike kwa kila mwombaji kwa usawa. Nchi nyingi zinakataza ubaguzi wa kabila, dini, asili au ulemavu katika upangishaji, na mbali na sheria, anayechagua kwa hisia kwa kawaida huchagua anayefanana naye badala ya anayelipa. Ndugu na marafiki wa karibu ni kundi la peke yake: wanapochelewa kulipa, mwenye nyumba hupoteza pango au hupoteza uhusiano, na wengi huishia kupoteza vyote viwili.

Mkataba uwe wa maandishi hata kwa mtu anayeaminika, nao utaje kiasi na tarehe ya pango, muda, utaratibu wa kupandisha pango, nani anatengeneza nini, muda wa notisi na masharti ya kurudisha amana. Siku ya kukabidhi funguo, hali ya kila chumba ipigwe picha na orodha itiwe saini na pande zote mbili. Amana si mapato. Ni fedha ya mpangaji inayoshikiliwa dhidi ya uharibifu au deni, na mwenye nyumba aliyeitumia kulipia marejesho ya mkopo ameongeza deni ambalo atalikumbuka siku isiyofaa. England na Wales zililiona tatizo hilo kuwa kubwa kiasi kwamba tangu Aprili 2007 amana za upangaji wa kawaida wa nyumba za watu binafsi lazima ziingizwe kwenye mpango wa ulinzi ulioidhinishwa na serikali.

Malipo yakichelewa, hatua zianze mapema na kwa maandishi, kwa sababu utaratibu wa kisheria wa kumwondoa mpangaji huhesabiwa tangu notisi sahihi, na notisi yenye kasoro huweza kumrudisha mwenye nyumba mwanzo kabisa. Kubadilisha kufuli, kukata maji au kung'oa mabati ni makosa katika nchi nyingi, na humgeuza mdai kuwa mshtakiwa. Kesi inaweza kuchukua miezi, na mara chache serikali yenyewe husimamisha kila kitu: wakati wa janga la UVIKO-19, Marekani iliweka zuio la kitaifa la kuwaondoa wapangaji walioshindwa kulipa kuanzia Septemba 2020, na zuio hilo lilidumu kwa nyakati mbalimbali hadi Mahakama ya Juu ilipolikomesha Agosti 2021. Deni la pango halikufutwa, lakini mwenye nyumba mdogo aliyekuwa na gharama za kila mwezi hakuweza kulila deni hilo.

Kanuni za pango nazo hubadilika wakati mtu amekwisha kununua. Jiji la Berlin lilizuia upandishaji wa pango kwa sheria iliyoanza Februari 2020, na Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ikaibatilisha 2021 kwa hoja kwamba jiji halikuwa na mamlaka ya kuitunga. Katika kipindi hicho kifupi wenye nyumba walipata pango pungufu, kisha wapangaji wengi wakadaiwa tofauti. Aliyenunua akitegemea nyongeza ya kila mwaka ili marejesho yatimie ndiye aliyeumia zaidi.

Usimamizi

Kuisimamia nyumba mwenyewe huokoa ile asilimia 10, na kwa mwenye nyumba moja iliyo karibu na anapoishi, mwaka wa kwanza wa kusimamia humfundisha gharama halisi za mafundi na tabia za wapangaji kuliko ripoti yoyote. Lakini hesabu ya ununuzi ifanywe kana kwamba msimamizi analipwa. Nyumba ambayo ina faida tu kwa sababu mwenyewe anafanya kazi bila ujira imempa ajira mbaya, na siku atakapohamishwa kikazi au kuugua, faida hiyo itatoweka palepale. Msimamizi akiajiriwa, mkataba wake useme kiwango cha matengenezo anachoruhusiwa kuidhinisha bila kuuliza, pango linaingia akaunti ya nani, na kama anapata chochote kutoka kwa mafundi anaowaita.

Kutoka, na nyumba ya pili

Nyumba haigawanyiki. Mwenye hisa akihitaji fedha kidogo huuza chache. Mwenye nyumba hawezi kuuza jiko ili alipie paa. Kuuza huchukua muda, hulipiwa dalali na wakili, na kunaweza kutozwa kodi ya faida inayotokana na kuuza mali. Kwa sababu gharama za kuingia na kutoka ni kubwa, nyumba iliyonunuliwa kwa nia ya kukaa nayo miaka miwili au mitatu inahitaji bei ipande sana ili tu mwenyewe arudishe alichotoa. Fedha ambayo mtu anaijua kuwa ataihitaji ndani ya miaka mitano, kwa ada za masomo au matibabu, isiingie humo.

Nyumba ya pili huja akilini mapema, mara nyingi baada ya miezi michache ya pango kuingia bila tatizo. Miezi michache haitoshi kuonyesha chochote, kwa kuwa bado hakuna mpangaji aliyehama wala tengenezo kubwa lililotokea. Kinachofaa kungojewa ni mzunguko mmoja kamili: mpangaji wa kwanza ameondoka, nyumba imekarabatiwa, mwingine ameingia, na akiba iliyotumika imerudi pale ilipokuwa. Baada ya hapo takwimu halisi za nyumba ya kwanza, yaani siku ilizokaa tupu, fedha iliyokwenda kwa mafundi na pango lililochelewa, zinachukua nafasi ya makadirio katika hesabu ya nyumba ya pili. Na kama nyumba hiyo ya pili ipo mtaa uleule, kwa wapangaji wa mwajiri yuleyule na kwa mkopo wa riba ileile inayoelea, akiba yake ihesabiwe kwa kudhani kwamba zote mbili zitakuwa tupu katika mwezi uleule.